Je, wajua? Mwangwi wa nyimbo za miaka ya 60 ulitoka kwenye chumba kitupu

Dramu za Hal Blaine zinazofungua "Be My Baby" ya The Ronettes (1963) zinasikika kana kwamba zimepigwa ndani ya ukumbi mkubwa mno. Wengi tumeamini hivyo, na tumekosea. Wimbo ule ulirekodiwa Gold Star, Hollywood, studio ndogo ambamo prodyuza Phil Spector alijaza wapigaji hadi wakabanana. Detroit nako, kampuni ya rekodi ya Motown ilirekodi kwenye nyumba ya kawaida aliyoinunua Berry Gordy mwaka 1959. James Jamerson na besi lake, Benny Benjamin na dramu zake na Earl Van Dyke kwenye kinanda walifanya kazi katika chumba walichokibandika jina la Shimo la Nyoka.

Anayekubali kwamba hakukuwa na ukumbi husema basi ilikuwa mashine. Mashine ya kidijitali ya mwangwi, EMT 250, ilitoka mwaka 1976. Kabla yake lilikuwepo bamba la chuma la kutoa mwangwi, EMT 140, tangu 1957, na studio nyingi zililitumia. Lakini sifa ya Gold Star ilijengwa na vyumba vyake vya mwangwi: vyumba vitupu, visivyo na mtu wala ala, vilivyopigwa plasta ya saruji.

Kazi ilikwenda hivi. Fundi mitambo alichukua nakala ya sauti ya mwimbaji kutoka meza yake ya kuchanganyia sauti, akaipeleka kwenye spika iliyowekwa ndani ya chumba kile. Maikrofoni iliyosimama upande mwingine ilikusanya sauti iliyokwisha kugonga kuta, ikairudisha mezani, ikachanganywa kidogo kidogo na sauti kavu, ile isiyo na mwangwi. Spika iligeuzwa ielekee ukutani au kwenye kona. Ikiitazama maikrofoni, sauti inafika moja kwa moja na ukubwa wote unapotea.

Chumba kidogo kinawezaje kusikika kikubwa? Kumbuka nyumba mpya kabla ya kuhamia: unaita mtu sebuleni, jina linabaki hewani. Ingiza makochi, mapazia na zulia, na sauti inakufa palepale. Ukubwa wa nyumba ni uleule. Kilichobadilika ni kiasi cha sauti ambacho vitu vinameza.

Tupige hesabu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Tuseme inasafiri wastani wa mita 2.5 kati ya ukuta na ukuta: itagonga mara 137 hivi kila sekunde. Kila ukuta ukimeza asilimia 5 tu, itachukua takriban sekunde 2 nguvu yake kushuka hadi sehemu moja ya milioni, na huo ni mlio wa ukumbi. Ukuta ukimeza asilimia 10, muda unashuka chini ya sekunde 1. Ndiyo maana plasta ilisawazishwa ikawa laini na ngumu: vitundu vidogo vya saruji mbaya vinatosha kuharibu kila kitu. Na kwa kuwa marudio ni mengi na yamesongamana, sikio haliyatenganishi; linasikia mkia mmoja mrefu. Kusikia neno likirudiwa waziwazi, kama bondeni, kunahitaji ukuta ulio mbali, mita 17 hivi au zaidi.

Umbo la chumba nalo lina neno lake. Kuta mbili zinazotazamana sambamba hurushiana sauti kama wachezaji wa tenisi, ikatoka mlio wa kutetemeka unaoudhi, hivyo kuta zilijengwa kwa mshazari. London, katika studio za Abbey Road, walisimamisha mabomba ya udongo ya maji taka ndani ya chumba ili yatawanye sauti. Sauti nzito za chini nyingi zikiingia chumbani zinanguruma na kufunika maneno, kwa hiyo zilichujwa kabla ya kutumwa.

Chumba hakikufanya yote peke yake. Wapigaji wengi wakipiga pamoja, dramu huingia hata kwenye maikrofoni za magitaa, na lile wingu la sauti la Gold Star lilianzia hapo.

Motown walitumia nafasi ya juu ya dari kama chumba chao cha mwangwi. Nyumba ile sasa ni makumbusho, na mgeni anayesimama chini ya tundu lililotobolewa kwenye dari na kupiga makofi husikia chumba kikimjibu.