Januari, mwenye shamba yuko wapi?

Wachumi wenzangu wa kilimo wakiulizwa kwa nini ekari ya mkulima mdogo inatoa mahindi machache, huanza na mbegu, mbolea na jembe la mkono. Mimi huanza na palizi: magugu yalipoota, mwenye shamba alikuwa wapi?

Mara nyingi alikuwa akipalilia kwa mwingine. Huko Chipata, mashariki mwa Zambia, mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Ikifika Januari ghala la maskini limekwisha. Mahindi yake yamefika magotini, magugu yameyakaba, na watoto wanataka kula leo. Basi anakwenda ganyu, yaani kibarua, kwa mwenye akiba. Akija kurudi kwake, magugu yamekwisha kula mbolea. Atavuna kidogo, kwa hiyo mwakani ataishiwa mapema zaidi na kurudi kwenye shamba lilelile la jirani. Tajiri anapaliliwa kwa wakati, maskini anachelewa kila mwaka, na tofauti ya kipato kati yao inapanuka bila yeyote kuwa mvivu.

Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye walilipima jambo hili hukohuko Chipata. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2020. Katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kaya zilikaribishwa kukopa kwacha 200 au magunia 3 ya mahindi kipindi cha njaa, zilipe baada ya kuvuna. Asilimia 98 zilikopa! Watu wakafanya kazi zaidi mashambani mwao, mavuno yakaongezeka, na waliofaidika zaidi ni waliokuwa maskini zaidi. Hawakuhitaji kufundishwa kulima. Walikosa unga.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonigusa kuliko yote: ujira wa kibarua ulipanda vijijini humo, kwa sababu waliolazimika kwenda kuutafuta walipungua. Hata aliyeendelea kwenda ganyu alilipwa vizuri zaidi.

Kwetu Tanzania, ruzuku ya mbolea ilirudi msimu wa 2022/23, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mkulima wa Rukwa au Songwe anayeweka mbolea Desemba, kisha Januari akaishiwa chakula, atakuwa amenenepesha magugu. Ningetaka mfuko ule wa mbolea ufuatwe na mkopo wa magunia mawili matatu ya mahindi, yarudishwe yaleyale mahindi baada ya mavuno.