Kisanduku cha kutafuta hujuaje embe liko ukurasa gani?

Andika "embe" kwenye kisanduku cha kutafuta cha tovuti ya kilimo, majibu yatakuja papo hapo. Wengi hudhani kompyuta imezipitia kurasa zote wakati huo huo na kuzisoma moja moja, ila kwa kasi ya ajabu.

Dhana hiyo si uongo mtupu. Utafutaji wa kawaida wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, hufanya karibu hivyo: huiagiza hifadhidata ipekue makala zote kutafuta herufi hizo kwa mfuatano huo. Kwa makala mia mbili, hakuna atakayeona tofauti. Zikifika laki mbili, ni habari nyingine. Tena, anayetafuta "embe" kwa njia hiyo ataletewa maembe, na jembe, na wembe pia.

Injini za utafutaji hufanya kinyume: husoma kabla hujauliza. Ni kama faharasa iliyo nyuma ya kitabu. Aliyeiandaa alisoma kurasa zote mara moja, akaandika "embe: 14, 62, 90", wewe unaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 62 bila kugusa nyingine. Programu kama Lunr huandaa orodha ya namna hiyo, ambayo huweza kuhifadhiwa kama faili ili kivinjari cha msomaji kiipakue. Ndiyo maana hata tovuti isiyo na hifadhidata inaweza kuwa na utafutaji. Lakini ukiongeza makala bila kuandaa faharasa upya, makala hiyo haitaonekana kabisa.

Kioja kiko kwenye Kiswahili. Mwanadamu angeweka embe na maembe mahali pamoja. Kompyuta huhitaji kanuni, na Lunr isipobadilishwa hutumia zile alizochapisha mtaalamu wa kompyuta Martin Porter mwaka 1980, zilizotungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Basi hukata mkia: "embe" hubaki "emb", "maembe" hubaki "maemb". Yote mawili yamekatwa, na bado hayajakutana, kwa sababu tofauti yao iko kichwani.

Njia mojawapo ya kukwepa hilo ni kuvunja maneno katika vipande vya herufi tatu tatu. "Embe" hutoa emb na mbe. "Maembe" hutoa mae, aem, emb na mbe. Vipande viwili vinalingana, kwa hiyo yanaunganishwa bila kompyuta kujua sarufi yoyote. Hasara ni kwamba jembe nalo linarudi, maana lina vipande vile vile. Na "jino" na "meno" havina hata kipande kimoja cha pamoja. Kwa jozi kama hizo, mwenye tovuti ndogo itambidi aziorodheshe kwa mkono. Kwa bahati nzuri si nyingi.