Viambishi tamati nyambulishi na maneno mapya katika riwaya za Kiingereza

Kiambishi tamati nyambulishi ni kipande kinachobandikwa mwishoni mwa neno ili kuzaa neno jingine, mara nyingi la aina nyingine. Kivumishi kind kikipewa -ness kinakuwa nomino, kindness. Nomino hope ikipewa -ful inakuwa kivumishi, hopeful. Kisichanganywe na -s ya wingi, ambayo haizai neno jipya na hukaa nyuma kabisa: teach, teacher, teachers.

Waandishi wa hadithi huvitumia kwa sababu msomaji huvijua tayari. Katika Our Mutual Friend (1864–65), Charles Dickens alimchora Bwana Podsnap, mtu wa kujiona, ambaye kila jambo lisilompendeza hulipungia mkono litoweke. Mwenendo huo Dickens aliuita Podsnappery. Kiambishi -ery, kilichomo pia katika snobbery na slavery, hutaja hali au tabia, basi jina la ukoo la mtu mmoja likawa jina la tabia nzima. Tazama na tahajia: p imerudiwa, kama b ya snobbery.

Isaac Asimov naye, mwaka 1941, alichukua robot, neno lililotoka katika tamthilia ya Karel Čapek, akaongeza -ics ya physics na mechanics, ikapatikana robotics. Alidhani neno hilo lipo tayari! Hivyo ndivyo kiambishi kilichokaa mahali pake kinavyofanya kazi: hakuna anayestuka.

George Orwell alikwenda kinyume. Katika Nineteen Eighty-Four (1949), watawala wanapunguza msamiati ili kubana fikra. Vivumishi vinaundwa kwa -ful na vielezi kwa -wise: kutoka speed unapata speedful na speedwise, na well inafutwa, mahali pake inakaa goodwise. Sarufi ni nyepesi mno, na wepesi huo ndio unaotisha.

Ukikutana na neno refu, anzia nyuma. Carelessness: -ness inasema ni nomino, -less inasema "bila", kisha care, uangalifu; neno zima ni uzembe. Mpangilio haupinduliwi, kwa kuwa -ness inataka kivumishi mbele yake na care pekee si kivumishi.

Wanaojifunza hukwama zaidi kwenye -er. Kwa kuwa teacher ni mwalimu, wengi humwita mpishi cooker. Mpishi ni cook. Cooker ni jiko.