Je, wajua Obama alipewa tiketi na nani?

Ukilitaja jina la Obama kwenye steji ya bodaboda pale Kondele, Kisumu, hukosi mjadala. Juzi kijana mmoja alitupa swali: "Kwani tiketi ya chama alipewa na nani?" Swali la Mkenya kabisa. Kwetu tiketi ni ya kupewa. Diwani, mbunge na gavana tunawachuja wenyewe debeni, lakini mgombea urais huamuliwa na wajumbe ukumbini. Mwaka 2007 wajumbe wa chama cha ODM angalau walipiga kura kwelikweli huko Kasarani: Raila Odinga 2,656, Musalia Mudavadi 391. Mara nyingi huwa ni makofi tu.

Marekani nayo ilikuwa na mambo hayo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alibeba bendera ya urais ya chama cha Democratic, ambacho ndicho cha Obama, bila kushiriki mchujo hata mmoja, na nje ya mkutano huko Chicago vijana na polisi wakapambana. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa. Tangu 1972 wajumbe wengi wanatokana na kura za wananchi, jimbo baada ya jimbo, kwa miezi kadhaa.

Sasa hapa wazee wa KANU, chama kilichotutawala zamani, watacheka. Iowa, jimbo lililofungua mchujo wa mwaka 2008, halikuwa na karatasi ya siri kwa wana-Democratic. Usiku wa Januari 3, kwenye baridi kali, watu walijazana mashuleni na makanisani, kila mgombea na kona yake, wakahesabiwa vichwa. Kwa kawaida kundi lisilofikisha asilimia 15 lilivunjika, na majirani wakaanza kuwavuta waliobaki: njoo kwetu bwana. Huo ni mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, jamani! Tofauti ni kwamba mlolongo wetu wa 1988 uliacha kumbukumbu za foleni fupi kuishinda ndefu mchana peupe. Obama alipata karibu asilimia 38, mpinzani wake mkuu Hillary Clinton akawa wa tatu. Kwetu kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na Kisumu ilikuwa inanuka moshi wa matairi ya uchaguzi wetu wenyewe.

Lakini kilichompa Obama tiketi ni hesabu. Wana-Democratic hawampi mshindi wa jimbo wajumbe wote. Wanagawana kulingana na kura. Februari 5 Clinton alishinda New Jersey, jimbo lililopiga kura zaidi ya milioni moja, akapata wajumbe 59 dhidi ya 48. Siku hiyo hiyo Obama alishinda Idaho, walikojitokeza watu kama elfu ishirini hivi, akapata 15 dhidi ya 3. Toa mwenyewe: Clinton amezidi kwa 11, Obama kwa 12. Kajimbo ambako wengi hawakujishughulisha nako kamefuta ushindi wa New Jersey.

"Na wakubwa wa chama je?" kijana akabana. Walikuwepo: wabunge, magavana na vigogo zaidi ya 800 ambao hawakufungwa na kura za mtu. Mwanzoni wengi walimwelemea Clinton. Walipoona hesabu imegeuka, nao wakageuka, na Juni 3 Obama akavuka wajumbe 2,118 waliohitajika.

Agosti, mkutanoni Denver, majimbo yakiwa bado yanaitwa moja moja kutaja kura zao, Clinton mwenyewe akasimama na wajumbe wa New York, akaomba kuhesabu kukome na Obama apitishwe kwa sauti. Ukumbi mzima ukaitikia ndiyo, na makofi yakapigwa.