Shilingi ya Waziri na Maji ya Mtera

Kila msimu wa bajeti hapa Dodoma utamsikia mbunge akisema kwamba asipopata maelezo ya kutosha, atashika shilingi. Wasikilizaji wa redio hucheka, maana shilingi moja siku hizi hainunui hata pipi.

Shilingi hiyo ni ya mshahara wa Waziri. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, kifungu chenye mshahara huo ndicho mlango wa kuhoji sera. Mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kuiondoa shilingi, na Waziri hulazimika kujieleza. Mara nyingi mwisho wake shilingi hurudishwa, na wengi huona mchezo umekwisha. Mimi sioni hivyo. Ahadi iliyoirudisha shilingi imeshaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani yeyote anaweza kuifungua na kuuliza imefikia wapi.

Nguvu hiyo inatokana na Ibara ya 63 ya Katiba, inayolipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika nishati nguvu hiyo imewahi kung'ata, na kisa chenyewe kilianzia jirani yetu, Mtera. Bwawa hilo lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa huhifadhi maji ya Ruaha Mkuu, yanayozalisha umeme hapo na kisha Kidatu. Ukame uliposhusha kina cha maji mwaka 2006, nchi ikaingia kwenye mgawo, na Serikali ikatafuta umeme wa dharura. Hapo ndipo ulipotokea mkataba wa kampuni ya Richmond wa megawati 100. Bunge liliunda kamati teule ya kuuchunguza mwaka 2007, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri wawili.

Watu hukumbuka kujiuzulu. Nadhani tungekumbuka zaidi yale maji. Leo tegemeo letu kubwa ni Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Umeme wake hauchomi gesi wala mafuta, na treni ya umeme inayotufikisha Dar es Salaam inautegemea mfumo huohuo wa gridi. Lakini Ruaha Mkuu humwaga maji yake Rufiji kabla ya bwawa hilo. Kwa hiyo swali la mwaka 2006 halijazeeka: mvua zikigoma na bonde la juu likanyonywa, gridi itashikwa na nini? Jua na upepo tunavyo, tena Singida upepo wake umezungumzwa miaka mingi. Mbunge makini angeuliza mradi wa upepo umekwama hatua ipi: ardhi, fedha, au bei ya kuuziana umeme?

Ugumu mwingine ni kwamba suala la kupunguza hewa ukaa halina wizara moja. Umeme uko Nishati. Misitu inayokatwa mkaa iko Maliasili. Ahadi ya nchi ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila hatua yoyote, inasimamiwa na upande wa Mazingira. Kila eneo lina siku yake ya bajeti na kamati yake. Chukua nishati safi ya kupikia, ambayo mkakati wa mwaka 2024 unataka iwafikie Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Wizara itaeleza mitungi ya gesi iliyogawiwa. Je, nani aulizwe kama mama wa Chemba aliumudu ujazo wa pili, au kama mtungi umegeuka stuli pale jikoni? Na mchoma mkaa ambaye mkaa huo ndio ada ya mwanawe, yeye yuko kwenye kitabu cha bajeti cha nani?

Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kwenye vyumba vya kamati, kabla ya hotuba. Huko wizara huulizwa kiasi kilichoidhinishwa mwaka unaoendelea na kiasi kilichotolewa na Hazina. Namba hizi mbili hazifanani mara nyingi. Mradi wenye bilioni kwenye kitabu unaweza kumaliza miezi minane bila hata senti.

Kwa nishati, fungu la bajeti ni namba 58. Siku Waziri anapowasilisha, kamati nayo husoma maoni yake, na humo hueleza ushauri wa mwaka uliopita umetekelezwa kwa kiasi gani. Wengi huzima redio Waziri akimaliza. Mimi ndipo ninapoongeza sauti.