Kuandika mfululizo ni nini, na kwa nini anayeanza uandishi aanzie hapo

Watu wengi wanaotaka kuanza kuandika kama hobi wanauliza waandike kuhusu nini, wengine wanatafuta kozi, ila ukiwaangalia vizuri kinachowakwamisha ni kitu kingine. Mtu anafungua daftari, anaandika sentensi moja, anairudia kuisoma, anaiona mbaya, anafuta, anaandika nyingine, anafuta tena, nusu saa imekatika ukurasa bado mweupe na yeye keshajiambia hana kipaji. Jamani, hapo kipaji hata hakijaguswa! Alikuwa anafanya kazi mbili kwa mpigo, kuandika na kusahihisha, na hizo kazi zinagombana.

Sasa kuandika mfululizo ni njia ya kuzitenganisha. Unajipangia muda mfupi, tuseme dakika 10, unaseti alamu, unaanza kuandika na husimami mpaka alamu ilie. Hurudi kusoma ulichoandika, hufuti, hujiulizi hapa inakaa koma au nukta, wala neno flani linaandikwa kwa r au l. Ukikosa la kusema unaandika "sina la kuandika" hata mara kumi, au unarudiarudia neno la mwisho mpaka lingine lije. Sharti ni hilo tu, mkono usisimame.

Aliyeieneza sana hii njia ni mwalimu wa uandishi wa Marekani, Peter Elbow, kwenye kitabu chake cha 1973, yeye alishauri dakika kumi kumi angalau mara tatu kwa wiki. Na mapema zaidi, 1934, Dorothea Brande naye wa huko huko Marekani alikuwa anawaambia wanaoanza waamke kabla ya muda wao wa kawaida waandike kwanza, kabla hawajasoma kitu wala kuongea na mtu. Kwa Elbow kuna kitu nakipenda mno, alisisitiza kwamba maandishi ya namna hii yasipimwe wala kutolewa maoni na yeyote. Kwa mtu anayeandika kwa raha zake huo ni uhuru mkubwa sana.

Kwa nini inafanya kazi? Fikiria ukiwa unapiga stori na rafiki. Unaanza sentensi hujui itaishia wapi na bado inafika, hakuna anayekatisha katikati aseme ngoja nianze upya niiweke vizuri. Ukiandika bila kusimama ile sauti yako ya kuongea ndo inapata nafasi ya kuingia kwenye karatasi, ukianza kuhukumu kila neno inakimbia, inabaki lugha ya barua ya kuomba kazi.

Tuone kwa macho. Dakika mbili tatu za kwanza za mtu anayejaribu zinaweza kutoka hivi:

"sijui niandike nini sijui niandike nini meza hii ina alama ya kikombe duara la chai limekauka nimelifuta juzi halitoki nani aliweka kikombe bila kisahani kaka labda kaka hapendi visahani anasema vinapiga kelele sina la kuandika kelele kelele usiku nyumba ikiwa kimya unasikia kikombe chake tu anatembea nacho"

Mwanzo hauna kitu, sawa. Lakini cheki pale mwisho, usiku nyumba ikiwa kimya unasikia kikombe chake tu, anatembea nacho. Tayari kuna mtu hapo, hapati usingizi, na kuna mwingine kitandani anamsikiliza. Mwandishi angekaa kutafuta mada kwa akili tu sidhani kama angefika hapo, amefikishwa na neno kelele ambalo alilirudia kwa kukosa la kusema. Kesho anachukua sentensi hiyo moja, anaiweka juu ya ukurasa mpya, dakika 10 nyingine. Lile swali la niandike nini linakuwa limejijibu.

Kalamu au simu? Chochote, ila kwenye simu zima notifikesheni na zima ile kibodi kujirekebishia maneno, maana inakubadilishia Kiswahili chako na ukishaanza kupambana nayo umeshasimama. Kwenye kompyuta wengine wanapunguza mwanga wa skrini mpaka maandishi yasionekane kabisa, inasaidia sana kwa mtu ambaye kidole chake kinapenda kufuta.

Alafu tusichanganye, kinachotoka hapo ni malighafi, bado hujawa na hadithi. Na anayetaka kutunga shairi la kimapokeo, mizani 16 kila mshororo na vina vyake, hawezi kulitunga kwa spidi hiyo, lazima akae ahesabu. Anachoweza ni kuandika mfululizo kuhusu jambo analotaka kuliimba, apate picha na maneno, kisha ndo aingie kwenye kuhesabu.

Kusahihisha kuna siku yake. Acha siku mbili tatu zipite, soma ukiwa na kalamu, pigia mstari vile vitu vilivyo hai tu, usianze na sarufi. Kurasa kibao hazitakuwa na hata mstari mmoja na hilo ni la kawaida kabisa. Na mkono ukikupeleka kwenye jambo zito linaloumiza, msiba kwa mfano, si lazima uendelee nalo, badili mada hapo hapo katikati ya sentensi, daftari ni lako na hakuna atakayekuuliza.

Ukishazoea dakika 10 ongeza mpaka 15 au hata 20, ila siku ukiwa umechoka rudi kwenye 10, au hata 5.