Kabla mtoto hajapanda ndege kwenda kutumbuiza

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wavulana wa kwaya kutoka Zambia walipelekwa Marekani kuimba makanisani na shuleni. Familia ziliahidiwa kwamba watoto watasomeshwa na kwamba fedha za matamasha zitajenga shule kwao. Badala yake waliimba maonyesho kadhaa kwa siku, masomo wakayakosa, malipo wakayakosa, na waliolalamika wakatishiwa kurudishwa nyumbani. Ilibidi maofisa wa serikali ya Marekani waingilie kati.

Hapo hakuna aliyetekwa. Waliondoka mchana kweupe, wana pasi, viza na baraka za walezi. Ndiyo maana Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inasema mtoto wa chini ya miaka 18 akisafirishwa ili anyonywe, huo ni usafirishaji haramu hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa.

Kuonyesha kipaji nje ya nchi si kosa. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1973 unaruhusu watoto kushiriki sanaa za maonyesho, kwa kibali cha mtoto mmoja mmoja kinachoweka saa na masharti ya kazi. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1933, inadai leseni ya hakimu kwa aliye chini ya miaka 18 anayekwenda nje kutumbuiza kwa faida. Hakimu huangalia kama kazi yenyewe ipo, nani atamsimamia mtoto, kama mkataba uko katika lugha anayoielewa, na atarudije. Leseni ni ya miezi isiyozidi mitatu, ingawa huweza kuongezwa.

Hilo la kurudi ndilo wazazi wengi hawaliulizi. Vikundi vyetu vya sarakasi, ngoma na kwaya, Kenya na Tanzania, hualikwa nje, na furaha ya mwaliko hufunika maswali. Uliza: tiketi ya kurudi ina tarehe gani? Pasi atashika nani? Malipo yataingia akaunti ya nani? Mkataba upeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au ofisa wa watoto ausome kabla hujasaini. Wakala akikuharakisha, zuia safari.

Na kama mtoto ameshaondoka, na kila akipiga simu kuna mtu pembeni anayemsikiliza, au ratiba ya kurudi inasogezwa mbele, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo, Kenya au Tanzania. Usisubiri mkataba uishe.